Hamali kutoka kilindini: sukari za bakteria wa baharini na metali za mionzi

Dozi ya kawaida ya lutetiamu-177, metali ya mionzi, ile anayodungwa mgonjwa wa saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa, ni gigabekereli 7.4, kipimo cha wingi wa mionzi. Ukiigeuza namba hiyo kuwa uzito, kwa kuzingatia kwamba nusu ya atomi zake huoza kila baada ya siku 6.65, unapata chini ya mikrogramu 2 za metali. Punje moja ya chumvi ya mezani ni nzito kuliko hapo. Kwa hiyo anayeshangaa, "Kumbe mtu anadungwa metali?" ajibiwe ndiyo, ila ni metali ambayo mzani wa sonara usingeihisi.

Kazi ya chembe hizo ni kurusha mionzi ya beta, ambayo ndani ya nyama ya mwili haivuki milimita 2 hivi. Ufupi huo ndio uzuri wake. Metali ikitua kwenye uvimbe, inachoma uvimbe na majirani wanasalimika. Ikitua pengine, inachoma hapo ilipotua. Na ikiachwa peke yake kwenye damu, haina sababu yoyote ya kwenda kwenye uvimbe: mwili huichukulia kama jamaa wa kalsiamu, sehemu kubwa huishia mifupani, na ndani ya mifupa ndimo mlimo na uboho unaotengeneza damu. Kuna dawa moja inayoitumia tabia hiyo makusudi. Radiamu-223, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2013, hudungwa bila chochote cha kuiongoza, kwa sababu saratani inayolengwa imeshaingia mifupani na radiamu huenda huko yenyewe. Kwa metali nyingine nyingi bahati hiyo haipo.

Ndiyo maana dawa za aina hii zinahitaji hamali. Na hamali wa bandarini hupimwa kwa mambo matatu: aijue nyumba anayopeleka mzigo, asiudondoshe njiani, na akishamaliza kazi asizurure mitaani. Nitamrudia huyu hamali mara kadhaa, kwa sababu mjadala wote wa sukari za bakteria unazunguka kwenye hayo mambo matatu, hasa lile la pili.

Katika dawa za lutetiamu zinazotumika leo, kazi hizo zimegawanywa. Kipande kimoja, mara nyingi peptidi (kipande kifupi cha protini) au molekuli ndogo, ndicho kinachoijua nyumba, maana kinanasa kwenye kipokezi kilichojaa juu ya seli za saratani. Kipande cha pili ni kibano kinachoishika metali, na kinachotumika sana kinaitwa DOTA: pete ya atomi 12, nne kati yake zikiwa za nitrojeni, na mikono minne ya asidi inayoifumbata metali kutoka upande wa juu. DOTA ikishaishika lutetiamu, hailegei kwa urahisi. Lakini ina kiburi. Ili metali iingie haraka kwenye pete, kwa kawaida mchanganyiko hupashwa moto hadi karibu nyuzi 90. Peptidi ndogo hustahimili joto hilo. Kingamwili, ambayo ni protini kubwa, ingeharibika kama ute wa yai kwenye kikaango.

Hapo ndipo swali linapozaliwa: je, hakuna molekuli ambayo ni mkono na miguu kwa pamoja, inayoshika metali bila kuchemshwa na yenyewe ina sababu ya kwenda kwenye uvimbe?

Neno sukari hapa lisikupeleke kwenye kikombe cha chai. Tunazungumzia polisakaridi, yaani sukari nyingi zilizoungwa kama shanga kwenye uzi mrefu. Wanga wa muhogo ni uzi wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba shanga za wanga hazina chaji ya umeme, ilhali shanga nyingi za sukari za baharini zimebeba vikundi vya asidi, kaboksili na salfeti, vyenye chaji hasi. Ioni za metali zina chaji chanya. Zikikutana, zinashikana.

Jambo hili watu wa Paje na Jambiani, Unguja, wanaliuza kwa kilo. Kilimo cha mwani kilichoanza huko mwishoni mwa miaka ya 1980 ni kilimo cha polisakaridi zenye salfeti, karajinani, ambazo viwanda hutumia kugandisha vyakula na dawa ya meno. Na kinachoigandisha ni metali. Karajinani ya mwani mnene huganda kwa uimara ikipata potasiamu, ya mwani mwembamba hutoa rojo laini ikipata kalsiamu. Ioni huingia katikati ya nyuzi, nyuzi zinajikunja, na kilichokuwa maji kinakuwa jeli. Likumbuke hilo la kujikunja, litatufaa mbele.

Sukari za baharini na metali za mionzi nazo zina historia yao. Katika miaka ya majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, strontiamu-90 ilikuwa ikidondoka kwenye malisho, inaingia kwenye maziwa, na kutoka hapo inakwenda mifupani mwa watoto. Mwaka 1964 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba alginati, sukari ya mwani wa kahawia, huinasa strontiamu tumboni na kupunguza kiasi kinachopenya kwenda kwenye damu. Sukari ya baharini iliitwa kuitoa metali ya mionzi mwilini. Wazo la leo ni lilelile likitazama upande wa pili: kuiingiza, lakini pale tu tunapotaka.

Mwani ni kiwanda kimoja. Kiwanda kingine kiko chini zaidi. Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, chombo cha kuzamia kiitwacho Alvin kiliwaonyesha wanasayansi chemchemi za maji moto kwenye sakafu ya bahari, zikizungukwa na viumbe mahali ambapo jua halijawahi kufika. Miaka iliyofuata chemchemi nyingine zikapatikana, na watafiti wa Ifremer, taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa bahari, wakaanza kuokota bakteria wanaoishi humo. Mmoja alitoka bonde la Guaymas katika Ghuba ya California, kwenye kina cha mita 2,000 hivi, palipojaa minyoo mikubwa ya mirija. Wakamwita *Alteromonas infernus*. Mwingine alitoka kwenye mnyoo wa Pompei wa Pasifiki ya mashariki, akapewa jina *Vibrio diabolicus* mwaka 1997. Kilatini hicho hakihitaji mkalimani: mmoja ni wa jehanamu, wa pili ni wa kishetani. Sukari zao zikarithi majina, infernani na diabolikani. Sijui aliyeyachagua alikuwa na siku gani, ila mtu wa masoko atakayetakiwa kuyaandika kwenye chupa ya dawa nampa pole mapema.

Kwa nini kiumbe mdogo hivyo agharamie kutengeneza uzi mrefu wa sukari kisha autoe nje ya mwili wake? Sababu ni nyingi kwa pamoja. Uzi huo hufanya ute unaowashikamanisha bakteria na jiwe au na mnyoo, unahifadhi maji, unakusanya chakula. Na maji ya chemchemi hizo yamejaa chuma, shaba, zinki na metali nyingine zenye sumu. Ute wenye chaji hasi unazinasa zikiwa bado nje ya seli. Kwa maneno mengine, bakteria hawa wamekuwa wakiishi ndani ya chandarua cha kuzuia metali tangu zamani, bila kutusubiri sisi.

Tukiutazama uzi wenyewe kwa karibu, infernani hujirudia kila baada ya sukari tisa, kati yake zikiwemo asidi za uroni, yaani shanga zenye kaboksili, na shanga yenye salfeti. Diabolikani ni rahisi zaidi, hujirudia kila baada ya sukari nne, mbili zikiwa asidi na mbili zikiwa sukari za amino. Mpangilio wake unafanana na ule wa asidi ya hialuroni, sukari iliyomo kwenye maungio ya magoti yetu na kwenye ngozi. Infernani, ikiongezewa salfeti, hukaribia heparini, dawa ya kuzuia damu isigande inayojulikana katika kila wodi. Huku kufanana na sukari za mwili wa binadamu ndiko kulikowavutia watafiti kwanza. Metali za mionzi zilikuja baadaye.

Huhitaji kurudi kilindini kila ukitaka dawa. Bakteria hukuzwa kwenye tangi la uchachushaji, wanalishwa glukosi, na wao humwaga sukari yao kwenye maji. Tatizo ni kwamba uzi unaotoka ni mrefu mno: uzito wa molekuli moja hufikia milioni na zaidi kwenye kipimo ambacho maji ni 18. Kitu kama hicho kwenye damu ni rojo. Hivyo hukatwakatwa, mara nyingi kwa haidrojeni peroksaidi ikisaidiwa na shaba, hadi vipande vya uzito wa makumi ya maelfu. Kisha husafishwa kwa resini inayonyonya metali, na hatua hii haina mzaha, kwa kuwa sukari iliyoumbwa kushika metali itakuwa imeshaishika shaba uliyoikatia. Viti vikishakaliwa na shaba, skandiamu itakaa wapi?

Skandiamu nimeitaja kwa makusudi. Mji wa Nantes, magharibi mwa Ufaransa, una bahati ya kuwa na watu wa Ifremer na vilevile, katika kitongoji cha Saint-Herblain, saiklotroni, mashine ya kuzipa chembe kasi, iitwayo Arronax. Moja ya vitu inavyotengeneza ni skandiamu-44, kwa kuipiga kalsiamu-44 kwa chembe zenye kasi. Skandiamu-44 hutoa positroni, chembe kama elektroni lakini zenye chaji chanya, na positroni ndizo zinazotoa picha za ndani ya mwili kwenye mashine ya PET. Nusu-maisha yake, yaani muda wa nusu ya atomi zake kuoza, ni saa 4 na dakika chache, na ikishaoza inarudi kuwa kalsiamu-44 ileile ya mwanzo. Ndugu yake, skandiamu-47, hutoa beta za kutibu na nusu-maisha yake ni siku 3.35.

Madaktari wa tiba ya nyuklia hupenda sana kuona kwanza, kisha kutibu kwa kitu kilekile. Leo mara nyingi hupiga picha kwa galiamu-68 na kutibu kwa lutetiamu-177, metali mbili ambazo kikemia si mapacha: ioni ya galiamu ni ndogo zaidi, inakaa kwenye kibano kwa namna yake, na molekuli nzima inaweza kubadili mwendo kidogo. Skandiamu-44 na 47 ni elementi moja. Hamali anayezibeba hana namna ya kuzitofautisha, na njia anayopita na moja ndiyo atakayopita na nyingine.

Mwaka 2021 kikundi cha Nantes kilichapisha kazi kuhusu kuishikisha skandiamu kwenye sukari hizi. Katika jaribio moja walichukua seli za saratani za binadamu, za mfupa, ngozi, pafu, ubongo, titi na utumbo mpana, wakazifuatilia kwa saa 160 zikiwa na sukari peke yake na zikiwa na sukari iliyobeba skandiamu. Ile yenye skandiamu ilipunguza kasi ya seli kuongezeka kuliko sukari tupu. Maelezo yao yanaturudisha kwenye karajinani: metali ikiingia, uzi unabadili mkao, na mkao mpya unagusa protini za juu ya seli kwa namna nyingine. Mzigo unamkunja hamali. Safari hii ulimkunja kwa faida, lakini mimi nalisoma pia kama onyo, kwani umbo la hamali linategemea amebeba nini na kiasi gani.

Sasa lile jambo la pili, kutodondosha mzigo. Hapa ndipo makala nyingi za kusifia bahari hupita mbio.

Kushika na kung'ang'ania ni vitu viwili. DOTA huizingira metali pande zote, na ili metali itoke lazima pete nzima ifunguke. Uzi wa sukari huishika metali kama viganja vingi vya watu waliopanga mstari, kaboksili hapa, salfeti pale, kila kimoja kikiwa na nguvu ndogo. Kikemia, mshiko huo ni dhaifu kuliko wa DOTA kwa mbali sana, tofauti inayopimwa kwa nguvu nyingi za kumi. Kwenye bilauri ya maji safi hilo halionekani. Damu ni sokoni. Rudi kwenye dozi yetu ya mwanzo: zile mikrogramu zisizofika 2 za lutetiamu ni atomi kama milioni bilioni 6, namba inayotisha hadi uhesabu kalsiamu ya damu, ambayo ni laki kadhaa kwa kila ioni moja ya lutetiamu. Kila moja ya hizo kalsiamu ina chaji chanya na inakitaka kile kile kiti. Kuna pia transferini, protini ambayo kazi yake ya kila siku ni kuzoa ioni za chuma zenye chaji tatu, na haikatai skandiamu wala galiamu zikipita karibu. Hamali anayeshika kwa vidole atanyang'anywa.

Utetezi upo. Mshindani hapaswi kuhesabiwa kwa wingi wake tu, kwa kuwa ioni yenye chaji tatu huvutwa na asidi kuliko kalsiamu yenye mbili. Uzi nao unapojikunja huificha metali ndani, na kiganja kimoja kikiachia, cha jirani hudaka. Na kama sukari imefika haraka kwenye uvimbe ikaingia ndani ya seli, hapahitajiki mshiko wa milele. Au basi unakubali yaishe: unaunga kibano cha kweli kwenye uzi, sukari inabaki miguu na kibano kinakuwa mkono.

Njia hiyo ya mwisho imeshafika hospitalini. Dekstrani ni sukari ya bakteria pia, ingawa si wa baharini. Hutengenezwa na *Leuconostoc*, bakteria wanaojulikana kwa kuweka utelezi kwenye maji ya miwa. Dawa iitwayo tilmanocept, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, ni dekstrani iliyopachikwa vibano vya aina nyingine, DTPA, vya kushikia teknetiamu-99m, metali ya mionzi ya kupigia picha, pamoja na sukari ya manosi ya kunasa kwenye seli walaji ndani ya tezi za limfu. Daktari wa upasuaji wa saratani ya titi huitumia kujua tezi ya kwanza ambayo saratani ingepitia. Fukoidani ya mwani wa kahawia nayo imeshabeba teknetiamu-99m ndani ya miili ya watu katika majaribio ya awali, ikisaka protini ya P-selektini inayojitokeza palipo na donge la damu.

Na ile ya kushika kwa sukari yenyewe, bila kibano cha kuazima, ina mfano ambao hautajwi vya kutosha. Korea Kusini iliidhinisha mwaka 2001 dawa ya saratani ya ini iliyotengenezwa kwa holmiamu-166 na kitosani, sukari inayotokana na magamba ya kamba na kaa. Ujanja ulikuwa mdogo na wa akili: dawa ilidungwa moja kwa moja kwenye uvimbe. Ikiwa chachu kidogo kwenye sindano ilikuwa majimaji, ikikutana na mwili usio na uchachu huo inaganda palepale. Hakuna safari, hakuna sokoni, hamali anashushwa mlangoni.

Kuhusu kuijua nyumba, infernani haiko mikono mitupu. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba infernani iliyokatwa na kuongezewa salfeti ilizuia saratani ya mifupa isijijenge kwenye mapafu ya panya. Ni saratani ambayo kwa binadamu huwapata zaidi vijana, na mapafu ndiko inakokimbilia. Sukari hiyo yenyewe haikuua seli za saratani, bali iliziharibia njia. Ndiyo hoja ya kuipa metali: kama inakwenda zilipo seli hizo, ipewe cha kufanyia kazi.

Salfeti ina gharama yake. Kadiri sukari inavyokaribia heparini ndivyo inavyoweza kuzuia damu isigande, na mgonjwa wa saratani hataki kutokwa damu. Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2007 na 2008, heparini iliyochanganywa na kondroitini, sukari nyingine, iliyozidishwa salfeti iliingia sokoni Marekani na kwingineko; wagonjwa walishuka shinikizo la damu ghafla na wengine walifariki. Ilikuja kugundulika kwamba salfeti nyingi mno kwenye uzi wa sukari huamsha mfumo wa mwili unaotoa bradikinini, kemikali ya kutanua mishipa ya damu, na mishipa inalegea. Anayezidisha salfeti maabara leo anaufanyia kazi ukurasa huo ukiwa wazi mbele yake. Tena bakteria hawa wawili ni wa kundi la Gramu-hasi, ambalo ukuta wake wa nje una endotoksini, kitu ambacho kikibaki kidogo tu kwenye dawa ya kudunga kinaleta homa kali.

Jambo la tatu, kutozurura, ni suala la urefu. Kipande kidogo figo inakichuja na kukitoa kwenye mkojo mapema, pengine kabla hakijafika. Kipande kikubwa hubaki kwenye damu na kuishia ini na wengu, kikiwa na mzigo wake.

Kwa hiyo swali la kama sukari hizi "zinafaa" halina jibu moja, kwa kuwa saa inayopimwa nayo si moja. Skandiamu-44 inataka hamali wa mchana mmoja: baada ya saa 12 imebaki sehemu moja ya nane, picha imeshapigwa. Skandiamu-47 inataka anayeshika kwa zaidi ya wiki, usiku na mchana, kalsiamu ikimsukuma muda wote. Uzi uleule unaweza kufaulu mtihani wa kwanza na kuanguka wa pili, na hapo sifa ya mapacha waliobebwa njia moja inaingia doa, kwani picha itaonyesha saa za mwanzo tu na haitaonyesha mzigo unapoanza kudondoka. Ningekuwa mimi ndiye ninayepanga, infernani isiyo na kibano ningeipeleka kwanza kwenye picha na kwenye sindano za moja kwa moja ndani ya uvimbe, kama Wakorea na kitosani yao. Kwa tiba ya kupitia damu ningeipachika DOTA, na lile la kiwanda cha kilindini kufanya kila kitu peke yake ningeliweka pembeni kwanza.